Madawati mapya shuleni, michango ya uzeeni haijapelekwa: somo la maadili ya biashara linasemaje?

Binti wa Makorora

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza ya utawala wa biashara katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, na nyumbani kwetu ni Makorora, Tanga. Muhula uliopita tulisoma somo la maadili ya biashara na uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, nami nikafaulu vizuri. Baada ya mitihani nilirudi Tanga kufanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane katika idara ya uhasibu ya kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, na huko ndiko nilikoona kwamba alama zangu hazinisaidii kulijibu swali nililolikuta juu ya meza.

Kazi niliyopewa ilikuwa kupanga majalada ya malipo. Katika kuyapanga nikaona kwamba kwa miezi mitano mfululizo wafanyakazi wamekatwa asilimia 10 ya mshahara kwa ajili ya mfuko wa hifadhi ya jamii, na makato hayo yameandikwa katika hati zao za mshahara, lakini stakabadhi za kuyawasilisha kwenye mfuko hazimo. Mwanzoni nilidhani zimewekwa katika jalada jingine. Nilipomuuliza mhasibu kwa adabu, alinijibu kwamba fedha zimebana na kwamba yatalipwa mambo yakikaa sawa. Katika miezi hiyohiyo kiwanda kilikabidhi madawati 50 kwa shule ya msingi ya jirani, na picha ya makabidhiano imetundikwa ukutani mapokezi: meneja ameshikana mkono na mwalimu mkuu, watoto wamesimama nyuma yao. Jalada la madawati lilikuwa na stakabadhi zote.

Jambo linalonikosesha usingizi ni kwamba mjomba wangu, kaka yake mama, anafanya kazi hapo kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Tuchukulie mfanyakazi anayelipwa sh. 300,000 kwa mwezi. Yeye anakatwa sh. 30,000, mwajiri anatakiwa kuongeza nyingine 30,000, na kwa miezi mitano fedha ambazo hazijafika kwenye mfuko ni sh. 300,000, yaani mshahara wake wa mwezi mzima. Mjomba ana miaka 56. Sijamwambia kitu, kwa sababu nilitia saini hati ya kutunza siri siku ya kwanza ya mafunzo.

Darasani tulifundishwa piramidi ya Carroll, yaani mchoro wa ngazi nne za wajibu wa kampuni, na katika mitihani tuliulizwa kutaja faida za kampuni kusaidia jamii: jina zuri, wateja waaminifu, uhusiano mwema na serikali. Naomba wenye ujuzi mnisaidie kuelewa kiwanda kama hiki kiwekwe wapi kwa mujibu wa somo lenyewe, kwa sababu kwa vipimo tulivyopewa kingepata alama nzuri ya uwajibikaji. Pia ninatakiwa kuchagua mada ya utafiti wa mwaka wa tatu, na ningependa kuandika juu ya jambo hili, ila sijui kama ninaruhusiwa kutumia nilichokiona. La mjomba silijui kabisa.

Mhadhiri wa Raskazone

Binti, ahsante kwa swali lililoandikwa kwa uangalifu. Nimefundisha somo hili kwa miaka kadhaa na nakiri kwamba namna tunavyolitahini inachangia mkanganyiko wako. Mwanafunzi anayeulizwa kila mwaka ataje faida za kusaidia jamii atamaliza chuo akiamini kwamba uwajibikaji ni orodha ya misaada.

Nianze na Carroll. Katika mchoro wake wa mwaka 1991 aliweka wajibu wa kiuchumi chini kabisa, juu yake wajibu wa kisheria, kisha wajibu wa kimaadili, na kileleni hisani. Wasomaji wengi huona kilele wakadhani ndicho kitu bora, kama mlima ambao kila mtu anatamani kufika juu. Carroll mwenyewe alikusudia ngazi zote nne zitimizwe kwa pamoja, na hisani aliiona kuwa jambo jema ambalo jamii inalitamani, lakini lenye uzito mdogo kuliko yale matatu ya chini. Kiwanda ulichokieleza kimevunja wajibu wa ngazi ya pili na ya tatu, kwa hiyo hakiwezi kupewa alama kwa kile kilichoko kileleni.

Wapo wanaodhani kwamba kiwanda kama hicho kinaweza kujitetea kwa hoja ya mchumi Milton Friedman, aliyeandika mwaka 1970 katika jarida la gazeti la New York Times kwamba wajibu wa kijamii wa biashara ni kuongeza faida yake. Nakushauri uyasome maandishi yake mwenyewe badala ya muhtasari wa wapinzani wake. Friedman aliweka masharti: faida itafutwe ndani ya sheria na desturi njema za jamii, bila hadaa wala ulaghai. Tena alikuwa mkali kwa mameneja wanaotumia fedha za watu wengine kufanya hisani. Ukimpelekea kisa chako, naamini atauliza swali ambalo hata mpinzani wake mkubwa angeliuliza: hayo madawati yamenunuliwa kwa fedha za nani? Edward Freeman, aliyekuja mwaka 1984 na nadharia ya wadau, yaani wote wanaoguswa na kazi za kampuni, angefika mahali hapohapo kwa njia nyingine, kwa kuwa mfanyakazi ni mdau wa karibu kuliko shule iliyo ng'ambo ya barabara.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo kiini. Makato ya asilimia 10 yakishatoka kwenye mshahara, fedha hizo si za kampuni tena. Ni mali ya mfanyakazi iliyopita mkononi mwa mwajiri kwa dakika chache ikiwa safarini kwenda kwenye mfuko. Lugha yetu ina neno kamili kwa hali hiyo, nalo ni amana. Mtu aliyepewa amana akaitumia kwa shida zake, hata kwa nia ya kuirudisha, tunajua tangu utotoni anaitwaje, na hatusubiri nadharia ya mwanafalsafa Kant kutuambia. Kant anaongeza jambo moja lenye manufaa: hati ya mshahara inayosema "umekatwa kwa ajili ya mfuko" ilhali mfuko haukupokea kitu inamwondolea mfanyakazi uwezo wa kukubali au kukataa, kwa sababu hajui kwamba anamkopesha mwajiri wake. Angeombwa mkopo huo waziwazi pengine angekubali. Hakuombwa.

Kuna hesabu nyingine ambayo wanafunzi wachache huifanya. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu michango kwa taasisi za hisani na miradi ya maendeleo ya jamii itolewe katika hesabu ya mapato yanayotozwa kodi, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Kodi ya makampuni ni asilimia 30. Kampuni yenye faida ikitoa madawati ya sh. milioni 10 ndani ya kiwango hicho, kodi yake inapungua kwa sh. milioni 3, ambazo kwa maneno mengine zimetolewa na Hazina, yaani na sisi sote. Sisemi kwamba utaratibu huo ni mbaya. Nasema kwamba mwanafunzi wa maadili anapoona picha ya makabidhiano ni lazima ajue gharama imebebwa na nani na kwa kiasi gani.

Kuhusu utafiti, jibu langu ni hapana, usitumie nyaraka ulizoziona. Uliingia pale kama mwanafunzi wa mafunzo, wala hukuwa mtafiti aliyeomba kibali na kupata ridhaa. Usinakili karatasi, usipige picha, na usiandike kisa hicho kwa namna ambayo mtu wa Tanga atakitambua kiwanda. Lakini mada yenyewe iko wazi kwako. Unaweza kuchukua ripoti za mwaka za kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambazo ni za wazi kwa kila mtu, ukapima ni kurasa ngapi zinazungumzia misaada na ni sentensi ngapi zinazungumzia hifadhi ya jamii, usalama kazini na mikataba ya ajira. Nina hakika hautakosa cha kuandika.

Kuhusu mjomba, si lazima umwambie ulichokiona. Mwambie tu kwamba kila mwanachama anastahili kuomba taarifa ya michango yake kwenye mfuko, na kwamba ni vizuri mtu wa umri wake afanye hivyo mara kwa mara. Ukweli ataupata kwa njia yake mwenyewe.

Mzee wa Mkonge, Ngomeni

Mjukuu wangu Binti wa Makorora, pokea salamu. Nimekuwa karani wa mishahara katika mashamba ya mkonge kwa miaka 31, kwa hiyo jambo ulilolileta nalijua kwa mikono yangu.

Wengi wanadhani habari ya kampuni kusaidia jamii imeletwa juzi na vitabu. Hapa Tanga ni ya zamani kama mkonge wenyewe. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika vichipukizi 1,000 alivyoviagiza kutoka Florida ni 62 tu vilivyopona, na kutokana na hivyo yakaenea mashamba ambayo kufikia mwaka 1964 yalitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mashamba hayo yaliendeshwa kwa jasho la manamba, watu walioletwa kutoka Kigoma, Tabora, kusini na hata nje ya mipaka, na kila shamba kubwa lilikuwa na nyumba za wafanyakazi, zahanati, duka, shule na timu ya mpira. Ukisoma hayo kwenye ripoti ya leo utasema ni kampuni inayojali.

Lakini mfanyakazi huyo alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara wake ulitoka kadi ikijaa. Siku ambayo hakumaliza idadi ya matita aliyopangiwa haikutiwa alama, ingawa amekata majani tangu alfajiri mpaka miiba ikamchana. Mwezi wa kadi ungeweza kuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda. Zahanati na kadi vilitoka ofisi moja, na aliyekuwa akitibiwa bure hakuwa na nguvu ya kuuliza juu ya kadi. Jambo hili naomba ulitafakari sana katika utafiti wako, kwa sababu Mhadhiri amezungumzia fedha za nani, nami nakuongezea kwamba msaada unaweza pia kumziba mdomo anayedai haki yake.

Pamoja na hayo sitakubaliana na mtu atakayesema kwamba zahanati zile hazikuwa kitu. Mwanangu wa pili aliugua homa ya uti wa mgongo mwaka 1983, na kama si mganga wa shamba aliyetupa gari usiku ule mpaka hospitali ya Bombo, nisingekuwa naye leo. Nimeyashuhudia yote mawili katika shamba moja na sioni sababu ya kulificha mojawapo.

Sasa nikueleze kilichonileta. Bei ya mkonge ilipoanguka kwa sababu ya kamba za nailoni na plastiki, na mashamba yaliyotaifishwa mwaka 1967 yakazidi kudhoofika, uzalishaji ulishuka mpaka ukafika takribani tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika kipindi hicho shamba nililofanyia kazi lilianza kuchelewesha michango. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika makato kwenye daftari. Kila mwisho wa mwezi niliandika jina la mtu na kiasi alichokatwa, nikajua kwamba fedha hiyo imekwenda kununua mafuta ya mashine, na tukaambiana ofisini kwamba bila mafuta hakuna kazi, na bila kazi hakuna mchango wowote. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki yake na mimi niliikubali. Miaka kadhaa baadaye mkataji mmoja, mtu wa Kasulu, alistaafu akaenda kufuatilia mafao yake. Alikuta miaka minne haina mchango hata mmoja. Alirudi na karatasi akaiweka juu ya meza yangu, akaniuliza, "Karani, si wewe uliyeniandika?" Daftari lilikuwa na mwandiko wangu, kila mwezi, bila kuruka. Alifariki kabla michango hiyo haijalipwa.

Kwa hiyo, Mhadhiri, kwa heshima zote, ushauri wako juu ya mjomba sikubaliani nao. Mtoto asimzunguke mjomba wake. Angekuwa mtu baki ningesema fuata hati ya siri, lakini hata hapo nisingekuwa na amani.

Mama Viazi, Lushoto

Shikamoo Mzee, na mwanangu Makorora hujambo. Mimi sikusoma chuo, ninanunua viazi mviringo na kabichi huku milimani na kuvisafirisha Tanga mjini na Dar es Salaam. Nimeona mnazungumzia viwanda vikubwa tu, ilhali maadili ya biashara huku kwetu yanapimwa kwa gunia.

Sheria ya Vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini mnunuzi anataka lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likashonewa nyongeza juu, na bei anayotoa ni ya gunia moja. Mkulima amelima kwa jembe kwenye mteremko, amenunua mbegu na dawa kwa mkopo, na kila gunia linaondoka na kilo nyingi ambazo hakulipwa. Miaka minne iliyopita mimi niliamua kuacha lumbesa. Nilifanya hivyo kwa sababu ya mama yangu, ambaye alikuwa mkulima wa viazi, na kwa sababu mimi ni Mwislamu na nimeisoma sura ya 83 inayoanza kwa kuwaonya wapunjao katika vipimo. Wenzangu Wakristo nao wanayo Mithali 11:1 juu ya mizani ya hadaa. Msimu wa kwanza nilipoteza wateja wangu watatu wa Dar es Salaam, kwa kuwa gunia langu lilionekana dogo likiwekwa karibu na la jirani, ingawa bei yake kwa kilo ilikuwa sawa. Msimu wa pili nilinunua mizani yangu nikaanza kuuza kwa kilo, na taratibu wakarudi wawili. Wa tatu hakurudi.

Ninalotaka mwanangu uandike kwenye utafiti wako ni kwamba mtu mmoja akifanya haki peke yake sokoni anaumia, na wengi wanaijua haki ila wanaogopa kuumia peke yao. Siku Wakala wa Vipimo wanapokuwa barabarani wakikagua malori, magunia yote yanakuwa ya kilo 100 na hakuna mfanyabiashara anayefilisika. Wakiondoka, lumbesa inarudi jioni ileile. Inawezekana na meneja wa kiwanda hicho anawaza hivyohivyo, kwamba washindani wake nao hawapeleki michango. Simtetei. Nasema muulizwe pia huko chuoni, mnawafundisha vijana namna ya kuwa wema tu, au mnawafundisha pia namna ya kufanya soko zima liwe na mizani moja?

Kuhusu mjomba, niko na Mzee.

Mwanachuo wa Korogwe

Dada, mimi nimemaliza mwaka jana na tasnifu yangu ilikuwa juu ya somo hilihili, kwa hiyo nitakupa mwelekeo wa mada na sitaingia katika mambo ya familia.

Suala alilogusa Mama Viazi, la sheria dhidi ya hiari, ndilo lenye utajiri. Kwa upande wa madini, marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini yaliweka kifungu cha 105, kinachomtaka mwenye haki ya madini aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na akubaliane na halmashauri husika. Viwanda vya kawaida kama vya hapa Tanga havina kifungu cha namna hiyo. Ukilinganisha sekta hizo mbili unapata swali zuri: je, hisani ikilazimishwa na sheria bado inakaa kwenye kilele cha Carroll, au imeshuka ngazi mbili?

Mfano mwingine uko mlangoni pako, Chongoleani, ambako bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda linaishia baada ya kilomita 1,443, sehemu kubwa ikiwa ndani ya Tanzania. Mwanahisa mkubwa ni kampuni ya mafuta ya TotalEnergies ya Ufaransa, yenye asilimia 62. Uganda na Tanzania kupitia mashirika yao ya mafuta zina asilimia 15 kila moja, na kampuni ya mafuta ya CNOOC ya China ina 8. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2017 inayozitaka kampuni kubwa ziwe na mpango wa tahadhari juu ya haki za binadamu na mazingira mpaka kwenye kampuni tanzu na wakandarasi wao walioko nchi nyingine. Mwaka 2019 asasi za Ufaransa na Uganda zilifungua shauri chini ya sheria hiyo, na Februari 2023 mahakama ya Paris ililitupa kwa sababu za kiutaratibu, bila kuamua kiini cha madai. Mimi nilitaka kuandika juu ya hilo nikazidiwa na ukubwa wake. Msimamizi wangu aliniambia nichague kitu ninachoweza kukifikia kwa daladala, na nilifuata. Nawe nakushauri hivyo.

Jambo moja la tahadhari: usimhoji mfanyakazi akiwa kazini wala karibu na msimamizi wake. Nilifanya kosa hilo siku ya kwanza, na majibu yote niliyoyapata yalikuwa ya kusifu uongozi. Nilianza upya nikiwahoji wastaafu majumbani kwao, wakazungumza kwa uhuru.

Mhadhiri wa Raskazone

Mzee wa Mkonge, nimeisoma habari ya mtu wa Kasulu mara mbili. Nakubali kwamba nilijibu kama mlinzi wa taratibu za chuo. Hati ya kutunza siri inalinda bei, wateja na mbinu za biashara. Haiwezi kuwa kifuniko cha fedha za mtu mwingine, hasa pale mtu huyo anapokuwa ndiye mwenye fedha. Binti, nabaki na msimamo wangu juu ya nyaraka: usizitoe. Lakini kumweleza mjomba kwa mdomo jambo linalohusu makato yake mwenyewe sioni tena namna ya kukuzuia. Ukifikia hatua ya kupeleka taarifa kwenye mamlaka, ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Isome kwanza, na uzungumze na msimamizi wako wa mafunzo kabla ya ripoti yako kufungwa, ili chuo kisije kusikia habari hii kutoka kwa watu wengine.

Binti wa Makorora

Shikamooni wakubwa wangu, na ahsante kaka wa Korogwe.

Jana baada ya swala ya magharibi nilikwenda kwa mjomba na nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akanionyesha hati zake zote za mshahara za miaka kumi na moja, amezifunga kwa utepe na kuzitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Alikuwa akizitunza kwa kuamini kwamba hizo ndizo zitakazomlipa. Jumatatu atakwenda na kitambulisho chake kwenye ofisi ya mfuko kuomba taarifa ya michango, na wenzake wanne wamesema watafuatana naye. Hakutaka jina langu litajwe popote.

Msimamizi wangu nimemwandikia barua pepe. Kuhusu utafiti, nimeamua kuwahoji wastaafu wa mashamba na viwanda juu ya mambo mawili: ni misaada gani waliipata kutoka kwa waajiri wao, na ni michango gani waliikuta walipofuatilia mafao. Pendekezo natakiwa kulikabidhi mwisho wa mwezi. Mzee, kama afya yako inaruhusu, ningeomba nije Ngomeni nikuhoji wewe kwanza, kwa ridhaa ya maandishi kama Mhadhiri alivyonifundisha.

Mzee wa Mkonge, Ngomeni

Marahaba mjukuu wangu. Njoo Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, ushukie kituo cha zamani cha reli, mjukuu wangu mwingine atakupokea. Vipande vya baba yangu vya miaka ya 1950 ninavyo, na nakala ya daftari langu la mwaka wa mwisho ninayo pia. Ukurasa wa yule mtu wa Kasulu nitaufungua mwenyewe.